Vyombo vya ndege yangu: nilianza na kitakachozimika

Kila anayeingia karakana na kuikuta ndege yangu imesimama kwenye magurudumu yake huuliza swali lilelile: "Utafunga skrini gani?" Namwelewa. Bodi ni mabati na ribiti, injini bado iko chini ya turubai, na paneli ndiyo sehemu inayomfanya mtu ajione tayari yuko angani. Ila mimi ni fundi umeme kwa kazi, na kazi hii imenizoesha kuuliza jambo jingine kwanza: umeme ukikatika, nini kitabaki kinawaka, na kwa muda gani? Paneli yangu nzima imetokana na swali hilo. Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaounda ndege wenyewe na mmefika hatua hii ya kufungua katalogi usiku na kushindwa kuzifunga.

Ndege yenyewe ni ya alumini, viti viwili bega kwa bega, injini ya silinda nne, umeme wa volti 14. Nitairusha mchana, kwa macho, hewa ikiwa safi, na safari ndefu zitakuwemo. Sitaki kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo, na uamuzi huo peke yake uliondoa sehemu kubwa ya orodha. Anayetaka kuruka kwa vyombo Marekani, kwa mfano, anaweza kufunga skrini isiyo na cheti kwenye ndege ya kujiundia, lakini kipokezi cha GPS cha kumwongoza wingu likiwa limefunika uwanja lazima kifikie viwango vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Kifaa hicho peke yake kinabadilisha bajeti, nafasi ya paneli na mpango wa antena. Kwa hiyo kabla hujatazama kampuni yoyote, andika kwenye karatasi utaruka vipi hasa. Andika safari utakazoruka kweli, zile za ndotoni ziache nje.

Hata hivyo anayeruka kwa macho naye ana adui wake, na ni lilelile wingu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasiokuwa na uzoefu wa kuruka kwa vyombo. Walirushwa kwenye ndege ya kweli huku hali ya kuwa ndani ya wingu ikiigizwa. Wote 20 waliishia kushindwa kuidhibiti ndege, na wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Maji yaliyomo kwenye sikio la ndani humwambia mtu kwamba anakwenda sawa wakati bawa moja limeshalala, na asiyezoea kuamini vyombo hulifuata sikio lake hadi chini. Niliposoma matokeo hayo niliacha kabisa kufikiria skrini ya pili. Nikaanza kufikiria otopailoti, kifaa kinachoishikilia na kuiongoza ndege bila mkono wa rubani.

Kwangu otopailoti ndiyo kifaa cha pili kwa umuhimu baada ya redio. Katika familia za vifaa vinavyofungwa sana kwenye ndege za kujiundia, kuna kitufe kimoja kinachonyoosha mabawa na kuiweka ndege sawa hata kama rubani ameshachanganyikiwa. Aliyejikuta ndani ya wingu bila kutaka anabonyeza, anavuta pumzi, kisha anaiambia ndege igeuke taratibu kurudi ilikotoka. Watu wengi hununua skrini mbili kubwa na kusema sevo za otopailoti, yaani mota zinazosukuma fimbo za kuongozea ndege, watazifunga baadaye. Ningewashauri wageuze: skrini moja sasa, sevo mbili sasa, skrini ya pili ikibaki hamu. Tena mabano ya sevo hufungwa kwa urahisi wakati bawa na mkia bado viko wazi. Ukishafunga bati, kazi hiyo hiyo inataka mtu mwenye mikono myembamba na subira ya pekee.

Hapo ndipo ugumu halisi wa kuchagua unapoanza. Kwenye ndege za kujiundia kampuni za skrini zinazotajwa zaidi ni Dynon na Garmin. Wapo pia GRT wa Marekani na MGL wa Afrika Kusini, na wote wana ndege nyingi angani. Dynon SkyView HDX huja na skrini ya inchi 7 au 10. Garmin G3X Touch huja na ya inchi 7 au 10.6. Zote mbili zina vitufe vya kuzungusha pamoja na uwezo wa kuguswa, na usije ukakubali skrini isiyo na kitu cha kushika. Hewa ikitikisa, kidole kinachotafuta alama kwenye kioo hugonga kila kitu isipokuwa ile alama; mkono unaoshika kitufe hutulia. Kwa uzuri wa picha na ramani, mimi naziona ziko karibu sana, na anayebishana kwa sababu ya rangi za skrini anapoteza muda wake.

Tofauti iliyonipa kazi ni ya kifaa cha akiba. Hoja ya kwanza, nayo ina uzito, inasema akiba itoke kampuni nyingine. Skrini mbili za kampuni moja hutumia programu za waandishi walewale. Hitilafu inayoizima ya kwanza inaweza kuizima ya pili kwa dakika ileile. Kwa hoja hiyo wengi hufunga Dynon kuwa skrini kuu na Garmin G5 pembeni, kifaa kidogo kinachoingia kwenye tundu la kawaida la inchi 3 na moja ya nane, chenye betri yake inayoweza kukibeba hadi saa 4. Ni mpangilio wa heshima na ningeurusha bila wasiwasi.

Hoja ya pili inauliza: skrini kuu ikizimika, nani anaendesha? Katika mpangilio huo, G5 itakuonyesha upeo, kasi na kimo, lakini haiwezi kuziamuru sevo za Dynon. Otopailoti imekwenda na skrini. Ukifunga G3X pamoja na G5 na sevo za Garmin, G5 inaweza kuendelea kuziamuru sevo hata skrini kubwa ikiwa nyeusi. Nilikaa na hoja hizi mbili kwa muda mrefu. Rafiki yangu mmoja, rubani mzee aliyenifundisha kupiga ribiti, anashika ya kwanza kwa nguvu zote, na kwake yeye ni sahihi: ameruka kwa vyombo maisha yake yote na mikono yake inaijua kazi. Mimi si yeye. Siku nitakayohitaji akiba ndiyo siku akili yangu itakuwa imejaa hofu, na siku hiyo nataka sevo ziwe bado zinasikiliza mtu. Nikachagua G3X, skrini moja ya inchi 10.6, na G5. Kuziba pengo la kampuni moja, nina dira ya kawaida ya sumaku juu ya paneli, tableti yenye ramani na betri yake, na redio ya mkononi iliyounganishwa na antena ya nje kwa kiunganishi kilicho karibu na goti langu. Redio ya mkononi kwa antena yake fupi, ndani ya bodi ya alumini, haifiki mbali. Ikiwa na antena ya nje inakuwa redio ya kweli.

Sasa umeme. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na mimi ndipo nilipokaa zaidi. Chukua karatasi, andika kila kifaa na ampea zake: kikiwa kimya, kikiwa kazini. Redio ikisikiliza hula kidogo sana, ukibonyeza kuongea inapanda mara kadhaa. Mrija wa pitoti, unaopokea upepo wa mbele ili kasi ipimwe, ukipashwa joto hula kuliko karibu kila kitu kingine. Sevo hula zaidi zinapopambana na upepo. Kisha jifanye altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, imekufa na ujiulize unazima nini. Niligawa umeme wangu katika laini mbili. Laini ya lazima inabeba skrini kuu, kisanduku kinachokusanya vipimo vya injini, redio, sevo na transponda (kifaa kinachojibu rada), na inaweza kulishwa moja kwa moja na betri kwa swichi yake yenyewe, bila kupitia laini kuu. Taa, joto la pitoti na soketi za kuchajia simu vinabaki upande wa pili. Kwa hesabu yangu, laini ya lazima inakula kama ampea 7. Betri ni ya ampea-saa 16, lakini betri iliyozeeka si ile ya dukani, kwa hiyo naihesabu asilimia 60 tu, yaani kama ampea-saa 9.6. Hapo napata saa moja na dakika ishirini. Tangi zikijaa nina mafuta ya muda mrefu kuliko huo, kwa hiyo taa ya altaneta ikiwaka safari imebadilika: ninatafuta uwanja, na ninajua nina muda gani wa kuutafuta.

Jambo moja dogo katika hesabu hiyo linastahili maneno yake. Starta inapozungusha injini, volti hushuka ghafla, na baadhi ya skrini hujizima na kuanza upya. Hizo ndizo sekunde ambazo shinikizo la oili linatakiwa lionekane. Ukisubiri skrini imalize kuamka, injini imeshazunguka kavu ikiwa kuna tatizo. Nimeweka betri ndogo ya pili inayolisha skrini na kisanduku cha injini peke yake, hivyo wakati wa kuwasha namba za oili hazipotei machoni. Ukiwa na injini ambayo cheche zake zinatoka kwa kompyuta badala ya magneto, zinazojitengenezea umeme wake, betri ya pili si hiari tena, maana umeme ukiisha injini nayo imekwisha.

Kuhusu injini, nitasema wazi: vihisi vya injini vina faida kubwa kuliko ramani zote zenye rangi. Kila silinda inapimwa joto la kichwa na joto la moshi wake. Kampuni ya injini ya Lycoming huruhusu kichwa cha silinda kifike nyuzi 500 za Farenhaiti, lakini hakuna anayependa injini yake anayeishi karibu na namba hiyo. Kengele yangu italia kwenye 400, ndani ya hedifoni, maana jicho la rubani halikai kwenye kona ya skrini. Waya za vihisi vya joto ni za metali maalumu, na ukiunganisha kipande cha shaba katikati ili kuurefusha unaweza kusoma joto la uongo. Kihisi cha shinikizo la oili kisikae juu ya injini yenyewe. Mtetemo hukivunja shingo. Kiweke kwenye ukuta wa kuzuia moto na kifikishiwe oili kwa mpira wa mafuta wenye kizuizi chembamba, ili mpira ukipasuka oili ivuje taratibu na isimwagike yote.

Kabla ya kukata alumini ya paneli nilikata kadibodi. Nilichapisha picha za vifaa kwa ukubwa wake halisi, nikazibandika, nikakaa kitini na mikanda yote imekazwa kama siku ya kuruka. Mikanda ndiyo iliyoniambia ukweli. Bila mikanda mkono wangu unafika kila mahali. Mabega yakishabanwa, sakitibreka (swichi zinazokata umeme ukizidi) za upande wa kulia zilikuwa mbali kwa upana wa kiganja. Kila kitu ninachoweza kuhitaji kukigusa angani kikahamia kushoto na katikati. Nilifumba macho nikatafuta swichi kwa vidole: swichi ya laini ya lazima nimeipa kichwa chenye umbo tofauti na zingine zote. Halafu nyuma ya kadibodi nikabandika maboksi yenye kina cha vifaa, nikiongeza nafasi ya plagi na mkunjo wa nyaya. Hicho kina cha ziada hakionekani kwenye picha za katalogi, na kwenye ndege yangu kilikuwa kinagongana na ubavu mmoja wa bodi. Skrini ikasogea pembeni kidogo, na kwenye kadibodi hilo lilikuwa suala la mkasi na gundi.

Magnetomita ilituchukua jioni nzima, na ilikuwa jioni tamu. Kifaa hiki ndicho kinachoiambia skrini kaskazini iko wapi, na kinakerwa na chuma na kila waya unaobeba mkondo mkubwa. Nilipanga kukiweka kwenye ncha ya bawa. Nikapiga magoti pale na dira ndogo ya mkononi, binti yangu akiwa kitini anafanya ninachomtajia: washa taa ya kutua, zima, sukuma fimbo kushoto, kulia. Taa ilipowaka sindano ilisogea. Umeme ulikuwa unakwenda kwa waya na kurudi kupitia bodi ya ndege, na mkondo wa namna hiyo huacha uga wa sumaku njiani. Tukavuta waya wa kurudi, tukausokota pamoja na ule wa kwenda, sindano ikatulia. Lakini eleroni, kile kibati cha nyuma ya bawa kinacholaza ndege, iliposogezwa, fimbo yake ya chuma ikaivuta sindano tena, na hiyo huwezi kuisokota. Magnetomita imehamia nyuma ya sehemu ya mizigo, mbali na kebo za mkia, ikishikwa kwa skrubu za shaba. Dira ya mkononi ilitupa jibu lote hilo kabla kifaa chenyewe hakijatoka kwenye boksi.

Redio sikuisumbukia sana: moja nzuri yatosha kwa ndege kama hii. Masafa ya sauti ya anga ni kuanzia megahezi 118 hadi karibu 137, na ukinunua leo chukua yenye hatua za kilohezi 8.33 kati ya chaneli na chaneli, kwa sababu Ulaya imezihitaji kwa ndege nyingi tangu 2018 na redio ya zamani ya hatua za 25 haitaweza kuongea kwenye chaneli hizo. Transponda iwe ya Mode S yenye ADS-B kwenye megahezi 1090. Hutangaza mahali ulipo takriban mara mbili kila sekunde, bila kusubiri kuulizwa. Marekani imeidai ADS-B kwenye maeneo mengi ya anga tangu Januari 1, 2020. Antena yake ni kijiti cha kama sentimita 7, kinataka bati safi kukizunguka na miguu yako isiwe juu yake. Aliye na ndege ya nyuzi za kioo anaweza kuficha antena ndani ya bodi. Mwenye nyuzi za kaboni hawezi, maana kaboni inazuia mawimbi. Na kile kitoa ishara cha ajali kiwe cha megahezi 406, kiunganishwe na GPS. Tangu Februari 1, 2009 setilaiti hazisikilizi tena masafa ya zamani ya megahezi 121.5, kwa hiyo kifaa cha zamani kinalia na asikisikie mtu isipokuwa anayepita karibu.

Kuhusu wakati wa kununua, skrini iwe ya mwisho. Ndege ya kujiundia huchukua miaka, na vifaa hivi hubadilika kila baada ya muda mfupi. Dhamana nayo inaweza kuanza kuisha kifaa kikiwa bado kwenye boksi lake chini ya benchi. Ninachonunua mapema ni vile vinavyojificha ndani ya muundo: mabano ya sevo, mirija ya plastiki ya kupitisha nyaya ndani ya mabawa, sahani za kuimarisha bati chini ya antena, mabomba ya pitoti na ya shinikizo tuli, yaani la hewa iliyotulia nje ya ndege. Mirija ya kupitisha nyaya fanya mikubwa kuliko unavyodhani. Kila mtu niliyeongea naye aliyemaliza ndege yake ameniambia hivyo kwa sauti ileile.

Nyaya nazifunga mwenyewe. Zipo karakana zinazokuletea paneli iliyokamilika, kazi safi kuliko ya wengi wetu, na kwa asiyependa umeme ni pesa zilizotumika vizuri. Mimi nataka siku kitu kikikatika nijue waya ule unapita wapi. Ninatumia waya wa anga wenye gamba lisiloshika moto kirahisi, pini zinabanwa kwa koleo lake maalumu, hakuna kulehemu kwenye plagi, na kila waya una namba ncha zote mbili. Nyaya za ethi zote zinaishia sehemu moja kwenye ukuta wa kuzuia moto. Ethi zikitawanyika hovyo, mlio wa altaneta huingia kwenye hedifoni na utaukimbiza miezi. Gamba la nje la nyaya za sauti linaunganishwa na ethi upande mmoja tu.

Ninachofanya wiki hizi ni kupima plagi moja moja vifaa vikiwa bado havijaunganishwa. Sakitibreka zote zimetolewa nje. Ninarudisha moja, ninapima pini inayotakiwa kuwa na umeme, kisha ninapima zote zinazotakiwa zisiwe nao, ninaandika, ninaitoa, ninakwenda inayofuata. Kisanduku cha kwanza kitaingia kwenye plagi yake karatasi hiyo ikijaa alama za vema kutoka juu hadi chini, na siku hiyo ndiyo nitakayotuma oda ya skrini.